Safari ya Nkungwe Imevurugika? Anza Kutafuta Hapa

Mlima Nkungwe una mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na umesimama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma. Kwa sisi tunaotoka Tabora njia ni Urambo, Kaliua, daraja la Kikwete pale mto Malagarasi, Uvinza, kisha Kigoma mwisho wa reli. Hapo unaliacha gari na kushika ziwa, na baada ya ziwa ni miguu, kwa sababu ndani ya Mahale watu hawatembei kwa magari. Mimi na mwenzangu tumeifunga safari hii mara tatu. Kileleni tumefika mara moja.

Zile mara mbili zilizoshindikana ndizo zinazonifanya niandike. Mlima haukutushinda, maana hatukuufikia. Tulishindwa kujua kitu gani hasa kimeharibika, tukawa tunatibu kisichoumwa. Fundi akikuta taa haiwaki hakimbilii balbu, anafuata waya. Safari nayo ni hivyo: dalili inatokea hapa, chanzo kiko kule. Kwa hiyo kabla hamjaamua lolote, kaeni chini mtaje kwa sauti kitu kimoja kilichohama. Ni gari, ni ziwa, ni mwili, ni pesa, au ni moyo wa mmoja wenu? Mkiona kila mtu anataja chake, ujue bado hamjakiona.

Dalili: gari limechemka na nusu ya siku imepotea

Mshale wa joto ukipanda, simama pembeni, fungua boneti, usiguse mfuniko wa rejeta mpaka upoe. Najua watu wazima walioungua mkono na uso kwa haraka ya dakika kumi. Kama hakuna pa kusimama kwa usalama, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu yote na fungua madirisha. Mtatoka jasho, lakini joto la injini litapata pa kutokea hadi mfike palipo wazi.

Sasa soma tabia ya gari. Likichemka kwenye mwendo wa pole au kwenye mlima, kisha likapoa ukishika kasi barabara tambarare, mtuhumiwa wa kwanza ni feni: haizunguki, au mkanda wake umelegea. Likichemka hata kwa kasi nzuri, angalia maji kama yamepungua, mpira wa maji kama unavuja, thamostati kama imekwama, na rejeta yenyewe kama imeziba. Kiangazi, ukipita penye nyasi ndefu, mbegu za nyasi na wadudu hujaa kwenye mapezi ya rejeta kama pamba. Yasafishe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, usije ukayasukumia ndani zaidi.

Usukani ukianza kutetemeka baada ya kipande cha vumbi chenye makunyanzi, kaza nati za tairi kabla hujalaumu kitu kingine.

Hayo ndiyo ya gari. Ya safari ni haya: msijaribu kuzifidia saa zilizopotea kwa kuendesha usiku. Kuna ng'ombe, kuna baiskeli zenye mizigo ya mkaa zisizo na taa, kuna lori lililokufa katikati ya njia na matawi mawili tu yamewekwa kuonya. Laleni Kaliua, au Uvinza kama mmeshavuka Malagarasi. Kisha piga simu palepale mtandao ungalipo, uwaambie watu wa boti na wa hifadhi kuwa mnachelewa siku moja. Tulichokosea mara ya kwanza ni kusubiri tufike Kigoma ndipo tutoe taarifa. Boti lilikuwa limeshachukua wengine, na siku moja ya kuchelewa ikazaa siku tatu.

Kitu kingine cha huko njiani ni mbung'o. Wanafuata gari, na wanapenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukisimama kutengeneza gari porini, vaa kaki.

Dalili: mmefika Kigoma, nahodha anasema leo hatuondoki

Kwanza, mwamini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Katika dunia nzima linazidiwa kina na Baikal peke yake. Upepo ukipata njia ndefu namna hiyo ya kukimbia juu ya maji, mawimbi yanakuwa ya bahari. Kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, upepo mkali hutoka kusini. Na Mahale iko kusini. Maana yake ni kwamba ukienda unapigana nao uso kwa uso, ukirudi unakusukuma. Msafiri aliyekaa ufukweni Kigoma, kwenye ghuba iliyojikinga, anaona maji yametulia na kumwona nahodha mwoga. Nahodha anawaza yaliyoko nje ya rasi.

Lakini "leo hatuondoki" ina vyanzo vingi, na kila kimoja kina dawa yake. Uliza swali moja kwa upole: "Kaka, kinachotuzuia ni upepo, mafuta, au abiria hawajatosha?" Muulize kando, si mbele ya watu wake, ili asione unamshitaki.

Ikiwa ni upepo, hakuna cha kujadili isipokuwa saa. Mara nyingi ziwa huwa tulivu alfajiri na kuchafuka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo safari iliyoshindikana saa nane mchana inaweza kuwezekana kesho kabla ya jua kuchomoza. Nenda ukawaulize wavuvi wanaorudi asubuhi na dagaa, maana wao wamelala juu ya maji hayo unayotaka kuyapita. Ukiwakuta wengi wamepumzika, usikimbilie kudhani ni upepo: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki, watu wanashona nyavu. Uliza.

Ikiwa ni mafuta, shida yenu ni pesa, si ziwa. Mnaweza kutoa sehemu ya nauli mapema. Msitoe yote.

Ikiwa ni abiria hawajatosha, hapo mna hiari: kuchanga na wasafiri wengine mkodi boti dogo la kasi, au kungoja. Boti dogo ni ghali na mawimbi hulirusha zaidi. Msipande boti lolote lisilo na majaketi ya kuokolea yanayowatosha watu wote, na lijaribuni jaketi mkiwa nchi kavu, kamba zake zifungwe kifuani. Hili silipunguzi kwa ajili ya mlima wowote.

Na ikiwa upepo umeshika siku nyingi, kuna njia ya nchi kavu: Simbo, Ilagala, kushuka kusini kuelekea Kalya, na kutoka vijiji vya karibu na hifadhi kipande cha maji kinachobaki ni kifupi. Inataka gari lililoinuka na inataka kiangazi. Masika usijaribu.

Siku ya kungoja ina hatari yake ndogo ambayo watu hawaioni. Mkikaa gesti mtagombana, mkizunguka juani kutwa mtachoka. Sisi tulikwenda Ujiji asubuhi, tukakaa chini ya miembe pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, tukarudi mapema kuangalia stesheni ya Wajerumani ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914. Mchana tulilala. Kesho yake miguu ilikuwa mipya.

Dalili: kichwa kinauma, mwili mzito

Wengi wakiona kichwa kinauma mlimani husema ni mwinuko. Kwa Nkungwe nina mashaka na jibu hilo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, na kilele chenyewe hakijafika hapo. Kwa hiyo mkipanda kutoka ziwani, kwenye mita zipatazo 770, kichwa kikauma mkiwa mita 1,500, tafuta kwingine.

Cha kwanza ni maji. Mwanzo wa njia ni joto la ziwani na msitu mnene usio na upepo. Jasho linatoka na halikauki. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Mchanganyiko wa kurudisha maji mwilini mnaweza kuutengeneza wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo vilingane na kijiko, si kukadiria kwa mkono, maana chumvi ikizidi inadhuru. Sisi chumvi tunanunua Uvinza tunapopita, pale pale inapotengenezwa. Kunyweni kidogo kidogo, kaeni kivulini nusu saa. Kichwa kikiachia, endeleeni taratibu.

Cha pili ni malaria, na hapa nataka unisikilize vizuri. Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mtu akipata homa siku ya pili au ya tatu ya safari, wenzake husema "mbu wa Kigoma wamemwanza". Si kweli. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita siku saba au zaidi, mara nyingi wiki moja na nusu. Homa hiyo alitoka nayo nyumbani. Kwa hiyo dawa ya tatizo hili inaanzia Tabora: yeyote anayejisikia vibaya wiki ya kuondoka apime kabla ya kufunga mzigo, hata kama ni uchovu tu. Na ukirudi, ukipata homa ndani ya wiki chache zinazofuata, mwambie mganga ulikokuwa.

Homa ikianzia ziwani au mlimani, kupanda kumekwisha siku hiyo. Hakuna "tusikilizie kidogo". Shukeni, mtafute kipimo cha haraka, na kikionyesha malaria anywe dawa ya mseto dozi nzima. Mwenye homa anayeonekana kupata nafuu jioni baada ya panado hajapona. Panado imeshusha joto tu, mdudu yuko kazini.

Mafua ni habari nyingine. Mwenye mafua anaweza kuwa na nguvu za kutosha kupanda, lakini hataruhusiwa kuwakaribia sokwe, na asifiche. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliotokana na binadamu uliua sokwe Mahale. Ni sokwe ambao watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kuwafuatilia mwaka 1965, familia baada ya familia. Mwambieni mwongozaji ukweli, mpange upya siku hiyo bila sokwe.

Dalili: mwenzako amekuwa mkimya, au kila kitu kina kasoro

Hii ndiyo iliyotuvunja mara ya pili, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa.

Tulifika Kigoma salama, ziwa limetulia, wote wazima. Mwenzangu akaanza. Boti ni dogo. Mawingu yale siyapendi. Huyu mwongozaji tuliyepewa namba yake hatumjui. Mimi nikawa wakili wa safari: kila alichosema nilikijibu kwa ushahidi. Boti nikampeleka akaliona. Mwongozaji nikampigia simu mbele yake. Kadiri nilivyojibu ndivyo alivyopata kasoro mpya. Siku mbili zikaenda hivyo, kila mmoja akiamini mwenziwe ni mkaidi.

Jioni ya pili tulikuwa Kibirizi tunanunua dagaa. Akachagua fungu, akauliza bei, akaingiza mkono mfukoni, akalirudisha fungu pale pale akasema hana njaa. Hapo ndipo nikaufuata waya. Usiku wa kuamkia safari alikuwa ametuma pesa nyumbani kwa ugonjwa wa mama yake, na hakutaka kuwa yeye wa kuvunja safari tuliyoingoja mwaka mzima. Kwa hiyo aliomba mawingu yamvunjie.

Ukiona kasoro zinahama kila unapozijibu, acha kujibu. Kasoro ya kweli ikitatuliwa inakwisha. Inayohama inaficha nyingine, na kwetu huku inayofichwa mara nyingi ni pesa.

Usimuulize "huna pesa?" Mtu mzima ataapa anazo. Mimi siku hizi naweka zangu mezani kwanza: "Ndugu yangu, mimi nimebaki na hizi. Tuzihesabu zetu pamoja tuone zinatufikisha wapi." Tena fanya hivyo faraghani, baada ya kula, kamwe si mbele ya nahodha anayengoja jibu.

Halafu kuna uamuzi ambao najua wengi hawatakubaliana nami. Kama pungufu ni kubwa, usimkopeshe ili mpande. Punguzeni safari ifike inapotosha mifuko ya wote. Nasema hivi kwa sababu mtu aliyepandishwa mlima kwa deni hawezi tena kusema "nimechoka, turudi". Kila hatua anaihesabu kuwa ni pesa yako anaipoteza. Atanyamaza goti likiuma, atanyamaza kizunguzungu kikija, na mlimani mwenzako asiyeweza kusema ndiye hatari kuliko jiwe linaloporomoka. Pungufu ndogo, chakula au nauli ya siku moja, toa bila kuhesabu na usiitaje tena.

Ukimya una vyanzo vingine. Woga wa maji ni mmoja. Wengi wetu tuliokulia Tabora hatujui kuogelea, na mtu anaweza kuupenda mlima kwa moyo wote akaogopa saa zile za boti. Huyu atauliza mara tatu habari ya mawimbi na hataulizia njia ya mlimani hata mara moja. Mkalishe katikati ya boti, mvalishe jaketi mapema, ondokeni alfajiri maji yakiwa kioo. Ikibidi, njia ya Ilagala.

Njaa na usingizi pia. Usifanye uamuzi wowote wa safari na mtu aliyeendesha gari kutwa. Mpe ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, alale, muulize asubuhi. Nusu ya "turudini Tabora" nilizowahi kusikia hazikuvuka kifungua kinywa.

Na wakati mwingine yeye hakuutaka mlima tangu mwanzo; alikuja kwa ajili yako. Hilo likisemwa, shukuru kwamba limesemwa ufukweni.

Dalili: saa zinakwisha, kilele hakionekani

Kutoka ziwani hadi kilele cha Nkungwe ni kupanda mita zipatazo 1,690. Mtu mwenye mzigo, kwa mwendo wa kudumu, hupanda kama mita 300 kwa saa. Hesabu inatoa saa tano na nusu za kupanda tu, bila mapumziko, bila kona za njia, bila kuteremka. Ndiyo maana watu hulala mlimani, na ndiyo maana mkipoteza siku moja ziwani msijidanganye kwamba siku mbili za mlima zitabanwa ziwe moja. Hilo ndilo kosa la kawaida la mpango uliobadilika: watu hukata siku katikati na kubakiza kilele. Kata kilele, mbakize usingizi na saa za kushuka.

Chanzo kingine cha kuchelewa kinawahusu wanaotoka pwani. Saa ya Kigoma ni ile ile ya Dar es Salaam, jua si lile lile. Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu dakika arobaini baadaye. Saa 12 asubuhi, ambapo Dar watu wanafagia uani, Kigoma bado giza. Mgeni anaweka kengele ya simu kwa mazoea ya kwao, anamkuta mwongozaji anangoja mwanga, anakasirika. Jioni anaona saa 12 na jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, anajisahau. Ndani ya msitu giza huingia kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo pangeni saa ya kugeuka mkiwa chini, miguu ikiwa baridi na vichwa vimetulia. Mwambieni mwongozaji na askari wa hifadhi saa hiyo, nao wawe mashahidi. Ikifika, mnageuka, hata kilele kikiwa kinaonekana. Mara ya kwanza nilipoweka saa hiyo niliiweka peke yangu kichwani, na ilipofika nikaisogeza bila kumwambia mtu.

Juu kuna baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni ni kama nyuzi kumi chini ya ufukweni, na upepo juu yake. Mwenzako aliyelowa jasho akianza kutetemeka na kujikwaa, saa ya kugeuka imefika hata kama haijafika.

Dalili: soli imebanduka

Viatu vya mlimani vilivyokaa kabatini miaka mingi huoza sponji ya ndani ya soli, hata kama havijavaliwa. Vinaonekana vipya, saa mbili njiani vinafumuka. Vijaribuni Tabora wiki mbili kabla. Vikibanduka mlimani, dawa ni ule mpira wa tyubu ya baiskeli ambao kila muuza mkaa wetu anafungia mzigo: kata ukanda mrefu, zungusha kuanzia vidoleni hadi kisigino, kaza, fundo liwe juu ya mguu. Utakufikisha chini.

Dalili: Mahale haiwezekani tena, na mnataka kupanda kitu chochote

Hapa watu huharibu mara ya pili kwa kutafuta mlima mwingine wa ukubwa ule ule ili kufuta aibu. Tulifanya hivyo. Tukataka kuendesha gari hadi mkoa wa jirani na mafuta hayakutosha hata kurudi.

Uliza mmebaki na nini kati ya vitu vitatu: siku, pesa, na miguu. Mkiwa na pesa kidogo na siku moja au mbili, Gombe iko kaskazini tu mwa mji, na boti za abiria za huko huondokea Kibirizi. Ni hifadhi ndogo lakini miteremko yake inatoka ziwani hadi zaidi ya mita 1,500, mikali, na mnapanda na mwongozaji hadi pale Jane Goodall, aliyefika mwaka 1960, alipokuwa akikaa na darubini yake kutafuta sokwe. Kwa safari ya kusini upepo ulikuwa mbele yenu, ila huku kaskazini uko mgongoni mkienda, na mnaporudi ndipo unapowapiga usoni. Pangeni kurudi asubuhi.

Mkiwa na siku lakini hamna pesa ya kiingilio chochote, geuzeni gari kuelekea Kasulu na Manyovu. Milima ya Buha si maarufu, ni ya mashamba, migomba na nyasi, na mtu anapanda mchana mzima akisalimiana na watu wenye majembe. Nendeni kwanza ofisi ya kijiji mjitambulishe, mseme mmekuja kutembea mlimani. Mara ya pili, baada ya usiku ule wa Kibirizi, ndiko tulikokwenda. Mwenzangu alitembea mbele siku nzima, akiongea.

Mpango mpya ukishapatikana, wapigieni simu nyumbani palepale. Mke wangu anajua tarehe ya kurudi na anajua mtandao wa kule. Asichojua ni kwamba tumehamia upande mwingine wa mkoa.

Dalili: mmerudi, na pesa iliyopotea bado inawauma

Sehemu kubwa ya hili hutatuliwa kabla ya kulipa. Uliza hifadhini na kwa mwenye boti: tarehe ikisogea, malipo yanakuwaje? Kwa boti, toeni nusu kwanza na nusu mkifika, na mkubaliane mapema nani anamlisha nani siku ya kungoja. Andikeni kwenye simu, mtumiane ujumbe.

Baina yenu wawili, hesabu ifanyike njiani, kabla ya kufika Tabora. Mkishaingia mjini kila mtu anavutwa na ya kwake, deni dogo linabaki bila mwenyewe na linaanza kunuka. Gawaneni hasara ya mpango nusu kwa nusu bila kutafuta nani alisababisha: si gari la nani lilichemka, si mama wa nani aliugua. Kilichonunuliwa kwa matumizi ya mtu mmoja alipe mwenyewe.

Sisi tulisimama Uvinza kununua chumvi. Tukaweka karatasi juu ya boneti, tukaandika kila kitu hadi maji ya chupa, tukapata kila mmoja anamdai mwenziwe kidogo. Tukafuta. Yeye akanunua chumvi mifuko miwili, mmoja akaupakia upande wangu.